Sikio Halijui Utani

Kama una mzazi uliyempeleka makao ya wazee, au unafikiria kumpeleka, soma hii kabla hujaweka kidole kwenye mkataba. Mimi ni mpishi, sina maneno makubwa. Nasema niliyoyaona pale Makao ya Upole, mjini Same, ambako mimi nilikuwa jikoni na binti yangu Aikaeli alikuwa mhudumu. Lakini usiogope mapema, maana siku nyingi za habari hii tulikuwa tunacheka.

Pale makao, uji wa asubuhi ukishanyweka, Bibi Nakiete alikuwa anafungua mahakama.

Bibi huyu alikuwa Mpare wa milimani, huko Mamba, mkulima wa tangawizi, na enzi za nguvu zake alikuwa mzee wa baraza kwenye mahakama ya mwanzo, wale wanaokaa pembeni ya hakimu na kutoa maoni yao. Ugonjwa wa kusahau ulikuwa umemchukulia mambo mengi. Ulimchukulia mwaka, ukamchukulia mlango wa chumba chake, na jina la mtoto wake wa pili. Mahakama ulimwachia. Alikaa kibarazani kwenye kiti cha mikono, akagonga meza kwa bakuli lililokwisha uji, akasema:

"Aletwe Mchagga."

Mchagga ndiye binti yangu. Aikaeli aliacha alichokuwa anakifanya, akaja kusimama mbele yake, mikono nyuma.

"Unashtakiwa kuiba gunia langu la tangawizi. Unakubali au unakataa?"

"Nakubali, mheshimiwa."

"Umelipeleka wapi?"

"Nimelipandisha Moshi, nimeuza, nimenywea mbege yetu ya ndizi."

"Lote?"

"Lilikuwa gunia la Mpare, mheshimiwa. Juu tangawizi, chini mawe. Nilipata kibuyu kimoja tu."

Hapo wazee wote wa kibarazani walishaanza kucheka. Bibi Nakiete alijikaza, mashavu yakimtetemeka. Akamgeukia Mzee Kiondo, aliyekuwa karani wake, karani asiye na kalamu.

"Andika. Mshtakiwa ni mwizi wa kuzaliwa. Zamani ilikuwa ukiangusha sarafu usiku, Wachagga kijiji kizima wako barabarani. Siku hizi hela zinapita hewani hazina sauti, ndiyo maana mnachelewa kuamka."

"Na ninyi mlikuwa mnaipeleka hiyo sarafu mahakamani," binti yangu akajibu, "mnaishtaki kwa kuanguka bila kibali."

Bibi alicheka mpaka akakohoa. Hukumu ikawa ile ile ya kila siku: mshtakiwa amwogeshe mlalamikaji kwa maji ya moto, mwezi mzima. Akanyanyuka kwenda bafuni kwa miguu yake mwenyewe, kidevu juu, kama mtu aliyeshinda kesi.

Msione ni mchezo tu. Gunia hilo lilikuwepo kweli. Mwanawe mkubwa alitueleza kwamba liliibwa mnadani, Aikaeli hajazaliwa, na mwizi hakupatikana. Bibi alipofika makao alilidai kwa machozi. Wahudumu wa mwanzo walimwambia, "Bibi, hapa hakuna gunia," naye akaona wote wamekula njama. Alirusha vikombe. Alikwenda getini kulitafuta, akang'ang'ania nondo, akakataa kuoga na kula. Ni Aikaeli aliyechoka siku moja akasema bila kupanga, "Kwani Mpare naye ana gunia? Si mnapima tangawizi kwa ukucha?" Bibi akamtazama. Akauliza, "Wewe Mchagga?" Kuanzia pale akawa na mtu wa kumshtaki, na mtu mwenye mtuhumiwa wake halii tena getini.

Kwa msomaji asiye na watani: Wapare na Wachagga tunataniana tangu mababu. Ninaweza kumwita mtani wangu bahili mbele ya watu, naye akaniita mwizi, na anayenuna ndiye mwenye kosa. Tukifiwa, mtani ndiye anayefika akiwa mchangamfu, anachimba, anapika, anachekesha wafiwa mpaka wameze chakula.

Sasa ndipo likaletwa Sikio.

*

Nieleze lilivyo, kwa jinsi fundi alivyonieleza mimi huku anakunywa chai yangu. Sikio ni ukuta unaosikia. Wanapaka rangi fulani ya kijivu nyumba nzima, kibaraza na dari pamoja, na rangi yenyewe inasikia kila neno na kumjua aliyelisema. Kisha kila mzee anavishwa kidani, kijiwe bapa kama punje ya kunde, kinakaa nyuma ya shingo. Kidani kinasoma mapigo ya moyo na jasho. Ukuta ukisikia maneno ya ukali, na kidani kikaona moyo unakwenda mbio, kinapuliza. Wenyewe wanaita upepo. Si upepo wa kweli, ni mtetemo mdogo kwenye mshipa wa shingo, na mwili mzima unalegea kama mtu aliyeamka usingizi wa mchana.

"Haumi?" nilimwuliza.

"Mama Aika, nilijipulizia mwenyewe wakati wa majaribio. Nilikuwa nagombana na mke wangu kwenye simu. Nikasahau tunagombania nini."

"Na mkeo je?"

"Yeye hakuwa na kidani. Alikumbuka."

Nilicheka, na nilifurahi, sitaficha. Nilikuwa naogopa kila siku mwanangu asipigwe kikombe cha kichwa. Na sheria yenyewe ilikuwa na sababu. Katika makao fulani ya pwani wahudumu walikuwa wanawadhihaki wazee mpaka mzee mmoja akaacha kula, akafa. Ndipo ikaamriwa kila makao yawe na Sikio, limtulize mzee na kumchunga mhudumu kwa pamoja. Mama yeyote angesema amina.

Rangi ilikauka Jumapili. Jumatatu uji ukanyweka, Bibi Nakiete akagonga bakuli.

"Aletwe Mchagga."

Mashtaka yakasomwa. Aikaeli akakubali kosa. Bibi akauliza gunia limekwenda wapi, binti yangu akamjibu kwamba safari hii amelihonga kwa hakimu, ila hakimu naye alikuwa Mpare, akadai kwanza risiti ya gunia. Mimi nilikuwa dirishani pa jikoni nina mwiko mkononi. Nilimwona Bibi anafungua mdomo kucheka, mabega yamepanda, sauti imeshaanza kutoka.

Kicheko kikakatika.

Hakikuisha, kilikatika, kama bomba lililofungwa. Mabega yakashuka. Mdomo ukabaki wazi, mate yakateremka kidevuni, macho yakawa yanatazama bakuli kama si lake. Kumbe kwa kidani, moyo wa mtu anayecheka na wa mtu anayefoka unakimbia sawasawa. Na maneno ukutani yalikuwa mwizi, mwongo, bahili.

Kisha dari ikasema, kwa sauti ya msichana mpole sana:

"Mhudumu Aikaeli, umekiri wizi wa mali ya mzee. Umetumia lugha ya dharau ya kabila. Kauli zako zimehifadhiwa. Asante kwa huduma yako."

Mzee Kiondo akainua kichwa kutazama dari. "Asante ya nini," akasema, "na mwenyewe ameshamtia ndani."

*

Matroni Tusekile alituita ofisini siku ile ile. Ni mama wa Kinyakyusa, mkubwa wa umbo, ana huruma lakini anaogopa barua za serikali kuliko nyoka. Alitugeuzia kioo cha mezani.

"Someni wenyewe. Nisije nikaambiwa nimetia chumvi."

Kioo kilikuwa na safu mbili. Safu ya kwanza: maneno ya mzee yalikuwa ya ugonjwa. Mhudumu akithibitisha hivyo kwa kidole, majibu yake yanahesabiwa kuwa ya kubembeleza, hana kosa. Ila mzee anapandishwa daraja la pili, upepo usiku na mchana, maana amethibitishwa hajitawali. Safu ya pili: maneno yalikuwa ya mzee mwenyewe, mwenye akili zake. Basi na majibu ya mhudumu ni yake mwenyewe. Wizi ni wizi, dharau ni dharau. Kibali kinafutwa, na uso wake unafungiwa nchi nzima asikaribie mzee, mtoto wala mgonjwa.

"Ya utani iko wapi?" Aikaeli akauliza.

"Haipo."

"Ukiandika pembeni?"

"Mwanangu, hicho ni kioo. Hakina pembeni." Matroni akashusha pumzi. "Mkaguzi anakuja Alhamisi. Bora akute umeshachagua."

Nilimvuta binti yangu mpaka jikoni, nikafunga mlango, nikawasha na mashine ya kukoboa ili ukuta usitusikie.

"Weka kidole safu ya kwanza."

"Siweki, mama."

"Aika, nimekusomesha kwa maandazi. Wanafunga uso wako. Hata kuuza karanga nje ya shule hutaruhusiwa, mlango utakukataa."

"Nikiweka pale nasema Bibi hayupo. Yupo. Unamwona mwenyewe yupo."

"Yupo nusu."

"Basi nusu hiyo ndiyo wanayotaka kuizima."

"Hawamwui. Mtazame Mzee Mbazi wa chumba cha mwisho, yuko daraja la pili tangu jana. Alikuwa akilia kila jioni anamwita marehemu mkewe. Analia sasa hivi? Ametulia, anatabasamu, wanawe wamefurahi."

"Ulimpelekea chai leo?"

"Nilimpelekea."

"Ulimwambia nini?"

Kwa kawaida Mzee Mbazi nikimpelekea chai aliniambia ina sukari ya kupimwa na mchawi, nami nikamwambia aoe mpishi wake. Siku hiyo niliweka kikombe, akautabasamia ukuta, nikaondoka. Nilipokirudia kilikuwa kimejaa na kimepoa.

"Mimi ni mama yako," nikamwambia. "Sina kazi ya kumwonea huruma kila mtu. Ninaye mmoja."

"Na yeye ana watoto wanne, mama, na hakuna anayejua utani wake. Wamezaliwa Dar."

Nikaona hapa maneno hayatanifikisha popote. Ila nilijua jambo moja. Mkaguzi huwa anamsikiliza na shahidi, mtu aliyeona kwa macho. Aliyekuwa dirishani na mwiko ni mimi. Binti yangu akikataa kuweka kidole, mimi ningesema ni ugonjwa, naye apone apende asipende. Nililala na hilo neno mdomoni siku zote mpaka Alhamisi.

*

Mkaguzi alishuka na treni ya umeme ya asubuhi. Jina lake Bwana Kajiru. Alikuwa mwembamba, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, na aliposema tu "habari za hapa" nilijua ni Mpare, ile sauti haifichiki. Moyo ukashuka kidogo. Kisha ukapanda tena, maana alikuwa hatabasamu.

Tulikaa kibarazani: yeye, Matroni, Aikaeli, mimi, na Bibi Nakiete kwenye kiti chake. Sheria inataka mzee asikilizwe bila upepo, kwa hiyo Bwana Kajiru alikwenda nyuma ya Bibi, akakibandua kidani kwa vidole viwili, taratibu, kama anayemtoa mtoto mdudu. Akakiweka mezani. Bibi akajipapasa shingo.

"Nataka muelewe sijatumwa na shetani," mkaguzi akaanza. "Utani naujua. Bibi yangu alizikwa na watani. Lakini kesi ya pwani mimi ndiye niliyeisikiliza, na wale wahudumu walijitetea kwa neno hilo hilo. Tulikuwa tunamtania. Nikisema leo matusi ya utani yapite, kesho kila mwenye roho mbaya anavaa utani kama kanzu. Nani atamtofautisha? Ukuta?"

Alikuwa amesema kweli, na ndiyo maana mambo haya ni magumu.

Akamwinamia Bibi. "Mama, shikamoo."

"Marahaba. Wewe nani?"

"Naitwa Kajiru. Nimekuja kwa ajili ya binti huyu. Je, amekuibia?"

Bibi alimtazama Aikaeli muda mrefu. Sikujua anamwona nani. "Ameniibia," akasema.

"Nini?"

"Gunia la tangawizi."

Mkaguzi akaandika.

"Ungependa aondolewe hapa asikuhudumie tena?"

"Aende wapi?"

"Afukuzwe, mama. Ni mwizi."

Bibi Nakiete akajivuta mbele kwenye kiti, akashika meza, na sura ikawa ile ya mzee wa baraza.

"Wewe kijana, wa wapi?"

"Usangi, mama."

"Mpare?"

"Mpare."

"Basi nyamaza. Kesi ya mtani wangu inakuhusu nini? Nikifa mimi, wewe utalia, utajipangusa, utauliza wali uko wapi. Huyu mwizi ndiye atakayevaa nguo zangu, aige ninavyotembea, watoto wangu wacheke kwenye msiba wangu. Wewe unaweza kuniiga?"

"Siwezi, mama."

"Hata kunitazama unanitazama kama hati ya kiwanja. Andika: mlalamikaji anamtaka mwizi wake."

Kisha akachoka, akaegemea, akauliza kama mvua imenyesha huko Mamba. Kesi ilikuwa imemtoka tayari.

Bwana Kajiru alikaa na kalamu hewani. Halafu akanigeukia. "Mama mpishi. Wewe ulikuwepo Jumatatu. Yale maneno ya Bibi yalikuwa ya ugonjwa, au yalikuwa yake?"

Neno langu lilikuwa tayari, nimelilea tangu Jumatatu. Nikamtazama mwanangu. Hakunitazama kwa kuniomba wala kwa kunikataza, alikuwa anamfunga Bibi upande wa khanga ulioteleza. Nikafikiri, nikisema ugonjwa, kesho atafunga khanga ya mtu anayetazama ukuta, na kila asubuhi atajua aliyemweka hapo ni mama yake.

"Yalikuwa yake," nikasema. "Na ya binti yangu yalikuwa yake. Wote wawili walikuwa na akili zao na walikuwa wanafurahi."

Matroni akafumba macho. Nami nikasingizia chai, nikainuka kummiminia mkaguzi. Akanywa kwa haraka, kama mtu anayetafuta pa kujificha. Akakitazama kikombe.

"Tangawizi imekolea," akasema. "Na Mchagga hajawahi kununua tangawizi tangu dunia iumbwe. Hii mmeikwapua wapi?"

Ilimtoka tu. Nadhani alitaka kunipoza.

"Mkaguzi Kajiru," dari ikasema kwa upole, "umetumia lugha ya dharau ya kabila. Kauli yako imehifadhiwa. Tafadhali chagua safu. Asante kwa huduma yako."

Matroni Tusekile alikuwa wa kwanza kucheka, alijifunika uso kwa kitambaa, mabega yanaruka. Aikaeli akafuata. Mkaguzi alitazama dari, akatazama kioo chake, ambako safu mbili zilikuwa zinawaka zinamsubiri yeye.

"Niweke ugonjwa?" akajiuliza. "Mke wangu atakubali bila ubishi."

"Weka ya pili, baba," nikamwambia. "Lakini hapo uso wako hautafungua mlango wa ofisi yako."

Naye akacheka, mara ya kwanza tangu aje. Kisha kicheko kikamwisha, akawa anageuzageuza kidani pale mezani kwa kidole.

"Yule mzee wa pwani," akasema polepole, "nilizisikiliza sauti zote zilizohifadhiwa. Wao walisema, wakasema, wakasema. Yeye hakujibu hata mara moja. Hapa mama huyu amenijibu mpaka nimeona aibu." Akakigeuza tena. "Na sisi tunamvisha kitu cha kumzuia asijibu. Halafu atakayemtania baada ya hapo, kweli atakuwa anamtukana."

"Kwa hiyo?" Matroni akauliza.

"Kwa hiyo safu bado ni mbili, siwezi kuchora ya tatu. Ninachoweza ni kumtoa Bibi kwenye Sikio kabisa, kwa udhamini. Maneno yake yanafutwa, na yaliyosemwa mbele yake yanafutwa, ya Jumatatu na ya leo pamoja. Lakini awepo mtu wa kuweka uso wake badala ya ukuta. Akae naye, asikilize, aamue yeye kila mara, huu ni utani au huu ni woga. Bibi akiumia, au akimwumiza mtu, au akionewa huku mdhamini anachekelea, mdhamini ndiye anayefungiwa. Na mshtakiwa hawezi kujidhamini."

Matroni akatikisa kichwa. "Nina nyumba nzima ya kuangalia. Siwezi kuahidi macho yangu kwa mmoja."

Nyie mnanijua sasa. Mimi ni mtu ninayerudi mara mbili kuangalia kama nimezima jiko. Ninaogopa radi, ninaogopa barua, ninaogopa mwanangu akichelewa kupiga simu. Nilisubiri mtu mwingine aseme. Hakukuwa na mtu mwingine.

"Lete hicho kioo," nikasema.

"Mama," Aikaeli akaniita.

"Wewe nyamaza, umeshatuletea makubwa."

Nikaweka uso, kioo kikanimulika, kikasema asante kwa huduma yako.

*

Sasa sikieni sehemu ninayotaka muishike.

Asubuhi ya kwanza ya udhamini wangu niliamka na furaha. Nikampelekea Bibi uji mwenyewe, nikaingia chumbani kwa mbwembwe, nikasema kabla hata sijafungua pazia, "Mheshimiwa, Mchagga nimefika, na usiku nimeiba na blanketi."

Hakuwa Bibi wa mahakama. Alikuwa mwanamke mzee ameamka chumba asichokijua, mtu mgeni kaingia gizani anajisifu kwamba ni mwizi. Alipiga kelele. Bakuli likanipata juu ya jicho, uji ukanimwagikia, akajikunja pembeni ya kitanda anamwita mama yake.

Nikasimama nasubiri upepo. Mnisikie vizuri: mwili wangu ulikuwa umeshazoea, kwa siku chache tu zile, kwamba mzee akipiga kelele kitu kitampuliza na mimi nitaendelea na kazi. Hakikuja chochote. Tulikuwa mimi na yeye na kelele zake.

Nilifunga mdomo. Nikafungua pazia kidogo, nikakaa sakafuni, chini ya macho yake, ili nisiwe mtu mrefu mlangoni. Uji ulikuwa unanidondoka puani. Sikumwambia hakuna mwizi. Nilisema tu, "Umeogopa, mama. Nami nimeogopa." Basi. Tukakaa. Aikaeli alichungulia mlangoni, akaniona niko salama, akarudi nyuma bila neno. Kelele zikawa kilio, kilio kikawa pumzi, na jua likapanda mpaka ukingo wa kitanda.

Mkataba utakwambia mzazi wako atatulizwa kwa muda mfupi kuliko unavyochemsha maji. Ni kweli, nimeona. Mimi ilinichukua asubuhi nzima, na wazee wengine walikula cha mchana kimechelewa, na Mzee Kiondo alinitishia kwenda mahakamani. Ukisikia kazi inafanyika haraka hivyo, uliza kilichoachwa ni nini. Na ukienda kumtembelea ukamkuta anatabasamu, mchokoze kidogo, kwa jambo lenu la nyumbani, halafu subiri. Asipokurudishia, usiwashukuru wahudumu. Mpapase shingo.

Karibu na adhuhuri Bibi alishuka kitandani mwenyewe. Akanizunguka nilipokaa, akautazama ukoko wa uji kwenye nyusi zangu.

"Wewe ndiye unapika hapa?"

"Ndiyo, mama."

"Leo unapika nini?"

"Makande, mahindi na maharage."

"Makande," akasema. "Watu wa migombani wanapika makande. Maharage yenyewe yakisikia hivyo si yatarudi shambani."

Safari hii sikujibu papo hapo. Nilimtazama usoni kwanza. Nilitazama mdomo, nikatazama macho, nikahakikisha. Mashavu yalikuwa yanamtetemeka.

"Hayawezi kurudi, mama," nikasema. "Mpare ameshayahesabu."